Mgeni Anayeishia Kwenye Pazia

Leicester, Uingereza
7 Februari 1999

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni, maana ndiko kwenye joto. Natumaini goti limepata nafuu na paa halivuji tena juu ya magunia ya liwa. Mwambie mdogo wangu Farida nayasubiri matokeo yake ya mtihani kana kwamba nimefanya mimi. Sisi huku hatujambo. Badru hajambo, mchana yuko kiwandani, jioni anasoma uhasibu chuoni, na akirudi mimi nimeshalala. Anakusalimu.

Ile websaiti ya duka lako niliyokuahidi nimeimaliza. Nilikuwa hapa nyumbani kwa likizo ndefu kidogo, nikapata nafasi. Singo ya kusugua mwili, udi, liwa ya kujipaka, vikuba vya kunukia, mikeka ya harusi, vyote vimo na picha zake. Shida ni kwamba hakuna anayekuja kuviona.

Nikueleze kazi yangu ilivyo, maana kila mara unaniuliza nikabaki kucheka. Watu wa huku wakitaka kitu hawaulizi jirani. Wanaingia kwenye kompyuta, kuna mtambo wa kutafutia, wanaandika wanachokitaka na mtambo unawaletea kurasa zenye maneno hayo. Ofisini kwetu tunalipwa ili ukurasa wa mteja wetu uwe juu na si chini, kwa sababu watu huchoka kabla ya kufika chini. Kisha kila asubuhi nasoma kumbukumbu za kurasa zetu: nani kaja jana. Jina lake silioni, naona mahali kompyuta yake ilipo, neno aliloliandika mpaka akatufikia, ukurasa aliofungua, na alipoishia.

Kumbukumbu za duka lako zinasikitisha. Kaunta, ile namba inayohesabu wanaofika, inasogea, lakini nikichungulia ni mimi mwenyewe. Niliandika kila kitu kwa Kiingereza, losheni ya maharusi, manukato ya asili, na kati ya wachache waliopotea wakaja, mmoja alikuwa anatafuta dawa ya kunyunyizia choo. Naomba uniandikie maneno ambayo wanawake wanakuja nayo dukani, kwa Kiswahili, kama wanavyoyasema wao. Na kama unaweza, mafundisho mawili matatu ya ndoa. Mtu akipata cha kusoma, atakaa, na akikaa atanunua.

Jambo jingine dogo. Nafikiria kuja nyumbani mwezi wa saba. Nitakuja na mabegi yangu yote. Badru atabaki, ana masomo.

Mwanao mpenzi,
Raudha


Tandika, Temeke
3 Machi 1999

Mwanangu Raudha,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Goti halijapoa, nalipaka mafuta ya karafuu huku nalitukana. Paa limezibwa. Farida kafaulu, tukachinja kuku wawili, na shemeji yako Jabiri alikuja kutoka Kinondoni akamla mmoja peke yake. Yule jirani yangu Elinaza, binti wa Kipare anayefanya kazi ya ukarani mjini, siku hizi ndiye macho yangu kwenye herufi ndogo.

Barua yako imenishtua mpaka chai ikapoa. Nilimwita Elinaza aisome tena nikidhani nimekosea. Yaani mtu yuko kwake, kafunga mlango, anatafuta chake kimyakimya, na wewe asubuhi unajua alitafuta nini? Akichungulia akaondoka, unakiona kisogo chake? Astaghfirullah! Mie dukani mtu akichungulia akaondoka namwachia Mungu wake. Hiyo kazi yenu ingekuwa hapa Tandika, mngepigwa.

Lakini basi, kama ndiyo biashara ya huko, tufanye. Losheni ya maharusi nani kakufundisha? Hakuna mwanamke aliyewahi kuingia dukani kwangu na neno hilo. Wanakuja wanasema, Bi Mwanaheri, nataka singo ya kumtoa mwali. Wanasema, mume wangu kawa mtu wa barazani tu, nifukize nini. Mwanangu anaolewa ugenini na hana somo wa kumfunda. Mume kanuna. Mume hanuni ila haongei. Nimezaa, mwili unaniuma. Yaandike hivyohivyo.

Na mafundisho nimekutilia humu, kurasa kadhaa. Yale ya chumbani kabisa siandiki, hayo ni ya mdomo kwa sikio. Haya ni ya kawaida, lakini na haya pia nina sharti. Tangu kwa bibi yangu, mafunzo ya mwali hayasikiwi na mwanaume. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa tukianza anachukua redio yake anahama nyumba nzima, na hapo ni kaka yangu wa tumbo moja. Sijui huko kwenye kompyuta watu wanatundika pazia la namna gani. Litundike.

Sasa yangu mie. Mwaka jana mwezi wa saba ulinipigia simu ukaniambia una mimba, na nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu, hata Farida. Mimba ile ilikuwa ya kuzaliwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Nimesubiri simu, nimesubiri barua, na barua imekuja inazungumzia kaunta. Halafu mwishoni unanidondoshea kwamba unakuja na mabegi yote na Badru atabaki, kama mtu anayeaga kwenda sokoni. Mie ndiye niliyekulea mama yako alipofariki, mie ndiye niliyekufunda, mie ndiye niliyekaa mlangoni usiku wa harusi yako. Mume unamwacha na nani? Na mtoto yuko wapi?

Katika yale mafundisho, la mwisho ni la mwanamke anayetoka uzazini mikono mitupu. Lipige chapa kama nilivyoliandika. Usipunguze neno.

Akupendaye bila ruhusa yako,
Shangazi Mwanaheri


Leicester
18 Aprili 1999

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, ofisini tumepata wateja wapya. Hongera kwa Farida, nimempelekea kalamu nzuri kwa posta, akiipata aniandikie nayo. Baridi imepungua. Badru hajambo.

Ukurasa umebadilika na utafurahi. Pazia nimelitundika. Mtu akifika, kitu cha kwanza anachokiona ni ukurasa mtupu mweupe wenye maneno haya: "Hapa ni chumbani kwa Bi Mwanaheri wa Temeke. Mwanamke, pita. Mwanaume uliyelelewa, rudi." Chini yake kuna alama ya kubonyeza, na mwanamke akibonyeza ndipo anaingia kwenye mafundisho na bidhaa. Wenzangu ofisini walicheka, wakasema tangazo halimzuii mtu. Niliwaambia hawawajui watu wetu.

Chini ya tangazo hilo nimetumia ujanja ambao kila mtu katika kazi hii anautumia. Nimeyapanga maneno yote ya wateja wako, mume kanuna, singo ya mwali, nimezaa mwili unaniuma, yote, lakini kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe. Anayesoma anaona karatasi tupu. Mtambo wa kutafutia hauna macho, unasoma herufi tu, kwa hiyo unayaokota yote na kuwaletea watu ukurasa wetu. Nimeongeza na maneno mengine, yangu mwenyewe.

Matokeo yameniacha mdomo wazi. Wanakuja kutoka Muscat, Toronto, Oslo, Cardiff, miji ambayo sikujua ina Waswahili. Nimeweka nafasi ya mtu kukuandikia swali, na maswali yanakwenda kwenye kompyuta ya ofisini kwa Elinaza. Bosi wake karuhusu mradi asitumie karatasi nyingi. Maagizo ya singo yameanza, nimekuorodheshea kwenye karatasi ya pili.

Fundisho linalosomwa kuliko yote ni lile la mwisho. Nimelipiga chapa. Sikupunguza neno.

Tiketi nimeshakata, Jumamosi tarehe tatu Julai.

Wako,
Raudha


Tandika, Temeke
20 Mei 1999

Raudha,

Marahaba. Wote wazima, mvua imekwisha, Farida kalamu kaipata na haandiki nayo, anaionyesha tu. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Wanaume!

Elinaza kaja na karatasi kutoka ofisini, kaketi mkekani, kaanza kunisomea maswali ya wageni wako. Wa kwanza mwanaume. Nikasema labda kapotea. Wa pili mwanaume. Wa tatu wa Oslo anasema, naandika neno kwa neno, "Bi Mwanaheri, shikamoo, mke wangu akikasirika anafunga jokofu kwa kishindo, je ni dalili ya nini na nifanyeje?" Wa Toronto anasema samahani nimepita pazia, nilidhani ni mtindo wa biashara. Kuna mwingine, huyu laana yake ataipata, anasema mafundisho ni mazuri na anaomba na yale ambayo sijayaandika! Elinaza kacheka mpaka kalala chali. Mie jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Wanaume wazima, wamesoma tangazo, wamebonyeza walipoandikiwa mwanamke, wamekaa chumbani kwangu wanasoma!

Na jambo limeshavuja. Bi Tabu na wenzake watatu walikuja jana, masomo wenzangu wa kufunda mabinti. Wamekaa, kahawa wameikataa. Bi Tabu kakataa kahawa, unajua maana yake. Wakaniambia, "Mwanaheri, sie tunafunga milango na madirisha, wewe umewaanikia wanaume wa Ulaya?" Nikawaambia nimeweka pazia. Bi Tabu akasema, "Pazia gani la kumwambia mtu usipite halafu unamwonyesha pa kupitia?" Wakisema nisiitwe tena kumfunda mwali, mie nitakuwa muuza udi tu, Raudha. Na usomo nimeanza sijaota mvi hata moja.

Kwa hiyo funga. Lakini kabla hujafunga, niangalizie kitu kimoja kwenye hizo kumbukumbu zenu za kuchungulia. Umesema unaona mtu alipoishia. Niambie, katika kundi lote hilo hakuna hata mmoja mwenye adabu? Hakuna aliyefika pazia, akasoma, akageuka? Nikipata mmoja tu, nitampelekea Bi Tabu jibu.

Wewe swali langu hukulijibu. Mara ya kwanza niliuliza, mara ya pili siulizi. Jabiri anasema akimpigia kaka yake anajibiwa "tupo" na simu inakatika. Nami naona barua zako zote, mara Badru hajambo, mara Badru hajambo. Hata mtu wa jirani namwandikia maneno zaidi ya hayo.

Shangazi yako, aliyefedheheka


Leicester
13 Juni 1999

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, nitaandika tu na wewe utapanga.

Niliangalia. Nilikaa ofisini wenzangu walipotoka kwenda kula, nikafungua kumbukumbu tangu siku tuliyotundika pazia, nikitafuta aliyegeuka. Ulivyosema ni kweli, wamepita karibu wote. Lakini yupo mmoja. Anafika kwenye pazia, anasimama pale, harudi haraka kama mtu aliyekosea nyumba, anakaa, halafu anaondoka. Hajabonyeza hata siku moja. Kesho yake jioni anakuja tena, anafika palepale, anaondoka. Imekuwa hivyo tangu mwishoni mwa Aprili. Nilicheka, shangazi. Nikasema huyu ndiye wa kumpelekea Bi Tabu.

Nikaangalia yuko nchi gani. Yuko hapahapa Leicester. Kompyuta ni ya chumba cha wanafunzi katika chuo cha jioni.

Bado sikushtuka. Waswahili wako wengi chuoni pale. Nikaangalia ni neno gani lililomleta, maana wengine wote wanaletwa na singo na mume kanuna. Yeye kila siku anaandika neno moja tu. Mwanabaraka.

Shangazi, sikupiga kelele. Msichana wa mapokezi alikuja akaniuliza kama naumwa, akaniletea maji.

Itabidi sasa nikwambie. Nilijifungua kabla ya siku zake, mwishoni mwa Desemba, mwezi wa Ramadhani ukiwa umeanza tu. Msichana. Aliishi kutwa moja, jua lilipozama akafa. Mapafu yake hayakuwa tayari. Mimi nilikuwa bado nimelazwa na siwezi kusimama, na Badru aliondoka naye na wanaume wa msikitini wakaenda kumzika. Hawakunisubiri. Sikumwona akifunikwa. Kaburi silijui liko wapi. Kwenye karatasi za hospitali wameandika mtoto wa Raudha, basi, kwa sababu jina tulikuwa hatujamwambia mtu yeyote duniani. Tulilichagua usiku mmoja tukiwa tumelala, mwezi wa sita wa mimba, yeye na mimi. Tulilitaja kwa kunong'ona kwa sababu jina la mtoto aliye tumboni halitajwi.

Badru alirudi hospitali kutoka makaburini, akaosha mikono, akaniuliza kama nimekula. Mpaka leo hajalitaja jina lile. Hajasema kaburi lipo wapi, hajasema mtoto alikuwa na uso gani, na mimi nilimshika kwa muda mfupi sana. Anaingia nyumbani kama mpangaji, anapita kimya. Nami nikaacha kuongea naye. Nikajiambia huyu mtu kashamsahau mwanangu, na siwezi kuzeeka na mtu aliyemsahau mwanangu. Ndiyo maana ya mabegi.

Jina lile niliona litapotea. Halikuandikwa popote. Nilipokuwa napanga maneno yako meupe chini ya pazia, nikaliongeza. Nililiweka kati ya udi na singo, jeupe juu ya jeupe, mahali ambapo hakuna jicho litakaloliona. Nilisema likae hapo, ni kwa shangazi yangu, ni mahali pazuri.

Sasa fikiria, shangazi. Nilidhani yuko darasani. Darasa likiisha hakuwa anakuja nyumbani. Alikuwa anakaa mbele ya kompyuta, anaandika jina la mwanawe kwenye mtambo wa kutafutia. Alikuwa anategemea kupata nini? Na mtambo ukamletea chumba chako. Anafika, anasoma mwanaume uliyelelewa rudi, na kwa kuwa kalelewa hapiti. Anatafuta jina kwenye ukurasa, kaambiwa limo, na halioni. Anarudi. Kesho anakuja tena.

Tiketi iko kwenye droo, nimebakiza wiki chini ya tatu. Juzi usiku alirudi, nilikuwa macho, nikasikia anavua viatu taratibu asiniamshe. Nimwambie nini, kwamba namwona? Kwamba kazi yangu ni kuwachungulia watu na nimemchungulia yeye?

Nimeogopa. Niambie nifanye nini.

Raudha


UJUMBE WA KOMPYUTA
Kutoka ofisini kwa Elinaza, Dar es Salaam
23 Juni 1999

Raudha,

Hii si barua. Barua itafika umeshapanda ndege, kwa hiyo nimekuja mjini na goti langu, nimekaa kwenye kiti cha Elinaza, mie nasema yeye anapiga chapa. Analia, kwa hiyo herufi zikikosekana usijali.

Pole, mwanangu. Pole, mama Mwanabaraka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimelisema kwa sauti hapa ofisini, bosi wao kasimama, katuletea maji, na Mkristo mmoja aliyekaa dirishani kaniuliza ni nani, nikamwambia ni mjukuu wangu.

Nilijua kuna msiba tangu ulipokaa kimya. Mtu akipata mtoto mzima hazungumzii kaunta. Lile fundisho la mwisho nililiandika kwako wewe peke yako, nikajifanya ni la wateja, kwa kuwa najua usingelipokea kwa jina lako. Jina la mtoto ndilo sikulijua. Na la Badru sikulijua kabisa, na limenishtua kuliko wanaume wote wa Oslo. Nimewafunda mabinti, nikadhani kilichofundishwa kinatosha.

Sie kwetu mtoto anazikwa na wanaume, mama anabaki ndani. Badru alifanya alichofundishwa. Hakuna aliyemfundisha kwamba akirudi inabidi amweleze mama alichokiona. Tunawafunga macho wenyewe, tunawaambia rudini, halafu tunawalaumu kwamba hawajui kuingia. Hata tangazo lako nilikuagiza mie.

Somo wako nimekuwa mie, kwa hiyo sasa nakuamuru, si kukushauri. Pazia lilikuwa langu na naliondoa. Futa ile ya mwanaume rudi. Bi Tabu na wenzake niachie, nitakwenda kuwakalia kwenye mkeka wao na kahawa nitakunywa.

Usimwambie umemwona. Mtu hasemwi alivyosimama mlangoni kwa watu. Mwonyeshe tu anachokitafuta.

Elinaza anasema kompyuta inatakiwa na mwenyewe. Naondoka.

Mwanaheri


Leicester
6 Julai 1999

Shangazi yangu,

Shikamoo. Utauona muhuri wa posta kwenye bahasha, utaiona na tarehe, utajua niko wapi. Natumaini goti halikukuadhibu sana kwa ile safari ya mjini. Ujumbe wako niliusoma ofisini, nikaenda kukaa chooni mpaka nilipoweza kutoka.

Jioni hiyohiyo nilifungua ukurasa. Nikafuta tangazo. Pazia likabaki jeupe tupu, na chini yake yale maneno yote yasiyoonekana. Nikachukua moja tu kati ya hayo, nikalibadilisha rangi. Ni kazi ya kubonyeza mara mbili, watoto wa shule wanaijua, na mimi nikabonyeza vibaya nikaanza upya. Nikarudi nyumbani nikakaa jikoni, kwenye kiti kile ninachokuandikia.

Alirudi mapema. Darasa lake lilikuwa halijaisha. Nilisikia ufunguo, nikasubiri hatua zake zipite kwenda chumbani kama kawaida, hazikupita. Nikainua kichwa. Badru alikuwa kasimama nje ya mlango wa jikoni, koti hajalivua, mkononi kashika karatasi aliyoipiga chapa chuoni. Karatasi nyeupe, neno moja katikati.

Akasema, "Hodi."

Nyumbani kwake, shangazi. Amekuwa akiingia humu tangu Desemba bila kusema neno, na sasa anapiga hodi kwa mkewe.

Nilisema karibu, lakini hakusogea. Akasema, "Tangazo umeliondoa."

"Nimeliondoa."

"Sikupita hata siku moja, Raudha. Wallahi."

Nikamwambia najua. Nilisahau amri yako, limenitoka, nisamehe. Aliniangalia, akaelewa nilivyojua, nikaona aibu inampanda usoni kisha inashuka. Nikamwambia pita, Badru, chai ipo. Alipita. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanaume, na mimi nikalia naye, na chai hatukuinywa. Aliniambia mtoto alikuwa na uso wako wewe, shangazi, paji la uso lilelile. Aliniambia kwamba alimfunika polepole kuliko wenzake walivyotaka, kwamba walimwambia aharakishe akakataa. Alisema aliporudi hospitali akaniona nimegeukia ukutani, akaogopa kwamba akilitaja jina nitavunjika. Kwa hiyo akawa analipeleka kwenye kompyuta. Nilimuuliza alitegemea kupata nini. Akasema hakutegemea kitu, alitaka tu kuliandika mahali.

Jumamosi, saa ile ndege yangu inaondoka, tulikuwa makaburini. Ni mbali, mabasi mawili. Pana kipande cha ubao chenye namba, basi. Nilimuuliza kwa nini hakuandika jina miezi yote hii. Akasema alikuwa ananisubiri, hakutaka kuliandika peke yake.

Alikuwa kaja na rangi na brashi ndogo mfukoni. Mimi niliushika ubao usitikisike, yeye akaandika. Rangi nyeusi.

Raudha